Kuku wa Damu Mbili: Namna ya Kuuza Mayai ya Kutamiwa

Wewe unayefuga kuku katika vijiji vya kandokando ya migodi, somo hili ni lako. Linafundisha kuuza mayai, lakini si mayai ya kula.

Yai la kula hupasuliwa siku ile ile, na mwenye kununua huona mara moja kama ni zima au ni bovu. Yai la kutamiwa si hivyo. Mwenye kununua hulipeleka kwake, huliweka chini ya kuku wake, kisha hungoja siku 21. Kifaranga asipotoka, mtu yule amepoteza feza yake, amepoteza siku zake, na kuku wake amekaa bure muda huo wote bila kutaga. Kwa hiyo watu hukubali kulipa zaidi kwa yai la kutamiwa. Kwa hiyo pia hawamsahau mtu aliyewauzia mayai viza.

Hakuna jicho linaloweza kulitazama yai jipya kwa nje na kujua kama lina mbegu. Mwenye kununua hana la kutegemea ila neno lako. Basi soma vema, ujue la kufanya ili neno lako liwe kweli.

1. Faida iko wapi?

Miji ya migodi kama Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi ina watu wengi wasio na shamba. Hao hula kuku na mayai yanayotoka vijijini. Lakini mara nyingi mwenye kijiji hana kuku wa kutosha. Ugonjwa umepita, kuku wamekwisha, naye ataka kuanza tena. Au ana kuku wadogo, naye ataka wenye mwili mkubwa. Mtu huyo atafuta mayai ya kutamiwa, kwa kuwa yai ni rahisi kulibeba na bei yake ni ndogo kuliko bei ya kuku mzima.

Bei ya shaba na ya kobalti hupanda na kushuka katika nchi za mbali, nayo ikishuka, kazi ya mgodi hupungua. Nyumba yenye kuku wanaotunzwa vema ina kitu cha kushika wakati huo.

Tufanye hesabu. Tuseme una makoo 9, yaani kuku majike wanaotaga, na jimbi 1. Tuseme wapata mayai 4 kila siku. Kwa juma moja ni mayai 28. Ukichagua, ukaondoa 8 yasiyofaa, yatabaki 20. Hayo 20 yatosha makoo 2 wa jirani, kila mmoja mayai 10. Na yale 8 hayapotei. Kama hayana ufa, watoto wako watakula, au utayauza kwa bei ya mayai ya kula.

2. Damu mbili ni nini?

Kuku wa kienyeji ni mdogo. Hutafuta chakula chake mwenyewe, hutamia vema, hulea watoto wake kwa bidii. Lakini hutaga mayai machache, kisha huacha kutaga na kutamia.

Kuku wa kigeni, kama yule mwekundu wa Rhode Island aliyetoka Marekani, ana mwili mkubwa, naye hutaga mayai mengi. Lakini ataka kulishwa kila siku, na makoo wengi wa namna hiyo hawapendi kutamia.

Ukimpa koo wa kienyeji jimbi wa kigeni, watoto wao ni chotara, kuku wa damu mbili. Wakilishwa vema, chotara hawa wa kwanza hukua upesi kuliko mama yao, na majike wao hutaga zaidi. Wenye kuku hufurahi. Kisha wanamwoanisha chotara na chotara, wakidhani watoto watafanana na wazazi. Hapo wanakosa.

Tazama kuku kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Wako wa namna mbili. Mmoja shingo yake ni tupu karibu yote. Mwingine ana kishada kidogo cha manyoya mbele ya shingo. Yule wa kwanza alipokea ukishingo kwa baba na kwa mama. Yule mwenye kishada aliupokea kwa mzazi mmoja tu. Sasa chukua jimbi na koo, wote wawili wenye kishada. Katika watoto wao wengi, kwa kila 4, kama 3 hutoka vishingo na 1 hutoka na shingo yenye manyoya kamili. Mwenye kununua akimwona huyu wa nne atasema, “Umeniuzia mayai ya kuku wengine.” Hukumdanganya, lakini hukumwambia mapema.

Kama ilivyo kwa shingo, ndivyo ilivyo kwa ukubwa wa mwili, kwa wingi wa mayai na kwa kutamia. Tena mambo hayo yana mizizi mingi kuliko shingo. Kwa hiyo watoto wa chotara na chotara hutawanyika: huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu ataga sana, huyu ataga kidogo.

Basi ziko njia mbili, nawe uchague moja.

Njia ya kwanza: weka makoo wa kienyeji uliowachagua, na jimbi mmoja wa kigeni wa damu safi. Mayai yao yote yatatoa chotara wa kwanza. Mwambie mwenye kununua, “Hawa ni wema kwa nyama na kwa mayai. Lakini ukitaka watoto wao wafanane nao, usitegemee.”

Njia ya pili: weka makoo chotara pamoja na jimbi chotara. Hii ni kazi halali pia, lakini sema wazi kwamba vifaranga watakuwa wa namna nyingi, na bei iwe ndogo. Usiuze kamwe mayai ya mchanganyiko kwa jina la Rhode Island.

Watu wengine huogopa, wakisema jimbi mkubwa atafanya kifaranga kiwe kikubwa, kishindwe kutoka katika yai dogo. Si kweli. Ukubwa wa yai hutoka kwa mama, na kifaranga hukua kwa kadiri ya yai. Ila jimbi mzito sana anaweza kumwumiza koo mdogo mgongoni kwa kucha zake. Basi chagua jimbi asiye mzito mno, na makoo wasio wadogo mno.

Katika njia zote mbili, usiwaondoe makoo wako wote wa kienyeji. Hao ndio watakaotamia.

3. Jimbi wako

Jimbi 1 awe na makoo 8 hata 10. Wakizidi sana, wengine hawatapandwa, na mayai yao hayatakuwa na mbegu. Na majimbi wakiwa wengi hupigana, na makoo hawapati raha.

Jimbi awe ametimiza miezi 6 au 7. Awe na miguu iliyonyoka, macho maangavu, naye awe mwenye kuwika na mwenye kuwaita makoo akiona chakula. Asiwe mwana wa makoo wale, wala ndugu yao. Ndugu wakioana siku zote, mayai mengi hayaanguliwi, na vifaranga huwa dhaifu. Badili jimbi kila mwaka. Unaweza kubadilishana na mtu wa kijiji cha mbali ambaye kuku wake ni wazima.

Angalia neno hili, maana wengi hawalijui. Mbegu ya jimbi hukaa hai ndani ya mwili wa koo majuma 2, na mara nyingine hata 3. Ukimwondoa jimbi wa zamani leo na kumleta mpya, mayai ya kesho bado ni ya yule wa zamani. Basi ngoja majuma 3 kabla ya kusema, “Haya ni mayai ya jimbi mpya.”

Na majimbi wa jirani je? Makoo wako wakitembea kijijini, jimbi yeyote atawapanda, nawe hutajua baba wa yai ni nani. Wajengee makoo wa mbegu ua wa matete au wa miti, uwaletee majani mabichi ndani. Kama huwezi kujenga ua, uza mayai yako kwa jina la mchanganyiko, maana ndivyo yalivyo.

4. Chakula na mahali pa kukaa

Kifaranga ndani ya yai hana chakula kingine ila kile alichowekewa na mama yake. Koo anayekula makombo ya bukari tu anaweza kutaga yai zuri kwa macho, na kifaranga akafa ndani kabla ya kutoka.

Mpe mahindi yaliyopondwa, na pamoja nayo kitu cha kujenga mwili: mchwa, ndakala waliosagwa, au soya. Soya ikaangwe kwanza, kwa maana soya mbichi huwadhuru kuku. Mpe lengalenga na majani mengine mabichi kila siku. Choma maganda ya mayai, uyaponde, umpe ili ganda la yai liwe gumu. Maji yawe safi, nayo yabadilishwe kila asubuhi.

Sasa sikia neno lililo kwa ajili yenu watu wa migodi. Kuku hula udongo pamoja na chakula anapodonoa chini. Udongo wa machimbo, takataka za mitambo ya kuyeyusha mawe, na maji yanayotoka mgodini huweza kuwa na sumu, kama risasi. Sumu hiyo huingia katika nyama ya kuku, katika ini lake, na katika yai. Katika mji wa Kabwe, nchi ya Zambia, ambako mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, waganga wa wanyama walipima kuku baada ya miaka mingi, wakaona risasi mwilini mwao. Na risasi huharibu akili ya watoto wadogo.

Kwa hiyo usijenge nyumba ya kuku juu ya udongo wa mgodi. Usiwanyweshe maji ya mashimo ya machimbo. Usioshe wala kuponda mawe ya madini ndani ya lupango lako. Kumbuka yale mayai 8 ya hesabu yetu: watoto wako ndio watakaoyala.

5. Magonjwa

Adui mkubwa wa kuku wa vijijini ni ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita mdondo. Huweza kumaliza kundi zima kwa siku chache. Hakuna dawa ya kumponya kuku aliyekwisha kuugua. Iko chanjo tu, nayo hupewa kuku wazima kabla ugonjwa haujafika, na baada ya miezi michache hurudiwa. Mwulize mganga wa wanyama aliye karibu nawe, naye atakuambia wakati wake. Afadhali wenye kuku wote wa kijiji wachanje siku moja.

Ugonjwa mwingine ni kuhara kweupe kwa vifaranga. Huu hupita ndani ya yai lenyewe. Koo aliyeugua akapona huonekana mzima, kumbe anaubeba, na mayai yake huupeleka kwa watu. Ukiona vifaranga wadogo wanakufa wengi, na matako yao yamegandamana kinyesi cheupe, acha kuuza mayai ya kutamiwa mpaka mganga wa wanyama awapime makoo wako.

Kuku mgeni akae peke yake majuma 2 au 3 kabla ya kuingia katika kundi. Na majani uliyofungia mayai usiyarudishe kwako kutoka kwa mwenye kununua. Yaache huko yachomwe.

6. Kuokota, kuchagua na kuweka

Weka majani makavu katika viota, uyabadili yakichafuka. Okota mayai asubuhi, mchana na jioni. Andika tarehe juu ya kila yai kwa penseli.

Usioshe mayai. Ganda la yai lina matundu madogo sana ambayo kifaranga hupumua kwayo. Ukilowesha ganda, uchafu huingia ndani kwa matundu hayo. Yai lenye uchafu kidogo, lifute kwa kitambaa kikavu. Yai lenye uchafu mwingi ni la kula.

Ondoa mayai haya: madogo mno, makubwa mno, marefu mno, yaliyo mviringo kama mpira, yenye ganda laini au la kukwaruza, na yenye ufa. Ili kujua ufa, gonganisha mayai mawili polepole karibu na sikio. Yai zima hulia vema. Yenye ufa sauti yake ni mbovu.

Weka mayai mahali pa baridi, penye kivuli, mbali na jiko na mbali na bati linalochomwa na jua. Upande mnene uwe juu, kwa kuwa hewa ya kifaranga iko upande ule. Mahali pakiwa na joto, mbegu huanza kukua kidogo, kisha hufa. Chungu kilichowekwa juu ya mchanga uliolowana hufaa sana, lakini mayai yenyewe yasilowe.

Yai lisipite siku 7 kabla ya kutamiwa. Siku 10 ndiyo mwisho. Mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa Katanga ni wa baridi, na mayai hukaa vema. Lakini mwezi wa 9 na wa 10 joto ni kali: uza kila siku 3 au 4.

7. Jaribu kwanza, kisha uuze

Kabla ya kuuza, jijaribu mwenyewe. Weka mayai yako 10 chini ya koo wako wa kienyeji. Siku ya 7, usiku, chukua kila yai ulitazame mbele ya tochi. Ukiona doa jeusi lenye mishipa myekundu kama miguu ya buibui, lina mbegu, na kifaranga anakua. Ukiona yai ni jeupe tupu kama siku ya kwanza, mara nyingi halina mbegu.

Yenye mbegu yakiwa 8 au zaidi, uza bila hofu. Yakiwa 5 tu, usiuze. Tafuta sababu: labda jimbi ni mzee, au anaumwa miguu, au makoo ni wengi mno kwake. Lakini kama mbegu ilikuwamo na kifaranga akafa baadaye, usimlaumu jimbi. Tazama chakula cha makoo, siku ambazo mayai yalikaa, na kama koo aliacha kiota chake. Andika hayo katika daftari, na jaribu tena kila baada ya miezi michache.

Siku ya kuuza, panga mayai katika kikapu chenye majani makavu au maganda ya mpunga, ncha nyembamba ikiwa chini. Funika, jua lisiyachome njiani. Mwambie mwenye kununua ayapumzishe usiku mmoja baada ya safari, kisha ayaweke yote chini ya koo kwa siku moja, wakati wa jioni. Akiyaweka moja moja, vifaranga wa kwanza watatoka, koo atainuka, na mayai mengine yatakufa.

Mwisho, wekeni mapatano mbele ya shahidi. Mapatano mema ni haya: siku ya 7, wewe na mwenye kununua myatazame mayai pamoja kwa tochi. Kila yai jeupe tupu, wewe utamlipa kwa yai jingine jipya, maana mbegu ni kazi ya kundi lako. Lakini yai lililokuwa na mbegu siku ya 7, likafa baadaye, ni juu yake, maana kutamisha ni kazi ya koo wake. Hivi hakutakuwa na ugomvi, wala hakuna atakayemwita mwenzake mwongo.

Maulizo

Jimbi mmoja atosha makoo wangapi? — Makoo 8 hata 10.

Umebadili jimbi. Utangoja siku ngapi kabla ya kuuza mayai kwa jina la jimbi mpya? — Majuma 3.

Je, chotara akioana na chotara, watoto hufanana wote? — Hapana. Hutoka wa namna nyingi, na mwenye kununua aambiwe kabla ya kulipa.

Mbona yai la kutamiwa halioshwi? — Kwa sababu maji huingiza uchafu katika matundu ya ganda.

Yai likae siku ngapi? — Siku 7. Kumi ndiyo mwisho. Wakati wa joto, 3 au 4.

Kuku wanywe maji ya shimo la mgodi? — La, kamwe.

Siku ya 7 yai ni jeupe tupu. Nani atalipa? — Aliyeuza.

Jifunze majibu haya pamoja na watu wa nyumba yako, kwa kuwa anayeokota mayai mara nyingi ni mama au mtoto, wala si yule anayepokea feza. Wote wakijua kazi hii, mwenye kununua atarudi, naye atamleta jirani yake.